Kwa nini sumaku haiongezi kasi ya elektroni

Chukua elektroni moja, itulize katika ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kisha iweke mbele ya sumaku yenye nguvu kuliko zote unazoweza kupata. Mradi sumaku haisogezwi, elektroni haitajongea hata kidogo. Zitabaki zikitazamana mpaka uchoke wewe. Sasa ondoa sumaku. Weka sahani mbili za metali zilizoachana sentimita 1 na uziunganishe na betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5. Elektroni ikianzia kwenye sahani hasi itaifikia sahani chanya kwa muda wa nanosekunde 28 hivi, na itaigonga ikiwa na kasi ya kilomita 726 kwa sekunde.

Tofauti hiyo kati ya betri na sumaku ndiyo inayowatatiza watu wengi wanaojifunza somo hili, maana vitabu huzitaja nyuga hizi mbili, wa umeme na wa sumaku (uga ni eneo ambamo kani ya umeme au ya sumaku hufika), kwa pamoja kana kwamba ni mapacha wanaofanya kazi moja. Hazifanyi kazi moja. Uga wa umeme huisukuma elektroni hata ikiwa imesimama, na ndio unaoipa nishati. Uga wa sumaku hauigusi mpaka iwe mwendoni, na hata hapo huweza kuipindisha njia tu. Kuiongezea kasi au kuipunguzia hauwezi. Ukilishika hilo na usiliachie, mengi yanayoonekana kama miujiza yanabaki kuwa hesabu za kawaida. Baadhi ya matokeo yake, hata hivyo, hayaingii akilini mara ya kwanza.

(Elektroni yenyewe ni sumaku ndogo mno, na katika uga usio sawasawa huvutwa kidogo kwa sababu hiyo. Kwa mambo ya makala haya athari hiyo ni hafifu kiasi kwamba naiweka kando bila wasiwasi.)

Msukumo wa umeme

Elektroni ina chaji hasi ya kulombi 1.602 × 10⁻¹⁹ na tungamo la kilo 9.109 × 10⁻³¹. Ukizitazama mojamoja, namba hizi hazikuambii kitu, kwa kuwa zote ni ndogo kupita fikra. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, mambo yanabadilika: unapata kulombi bilioni 176 kwa kila kilo. Uwiano huo ndio unaoifanya elektroni itii haraka hivyo. Kati ya sahani zetu mbili uga ni volti 150 kwa mita tu, lakini mchapuko unaotokea, yaani kiwango cha kasi kuongezeka, ni karibu mara trilioni 2.7 ya ule wa jiwe linaloanguka. Ndiyo sababu anayekokotoa njia ya elektroni ndani ya kifaa huusahau kabisa uvutano wa dunia, na hakosei.

Kuna jambo moja hapa linalofaa kukaziwa macho. Ukizisogeza sahani mbali zaidi, tuseme sentimita 10 badala ya 1, elektroni itafika ikiwa na kasi ileile ya kilomita 726 kwa sekunde. Uga umepungua mara kumi, lakini umbali wa kusukumwa nao umeongezeka mara kumi. Kinachoamua nishati ya mwisho ni volteji peke yake. Hapo ndipo kilipotoka kipimo cha elektronivolti: nishati ambayo elektroni moja huipata ikivuka tofauti ya volti 1. Kwa volti 1 kasi yake huwa kilomita 593 kwa sekunde. Kwa volti 100 haiwi mara mia ya hapo, bali mara kumi, yaani kilomita 5,930 kwa sekunde, kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa kasi.

Hesabu hiyo rahisi haifiki mbali. Televisheni za zamani zenye kioo kinene ziliirusha elektroni kwa volti 25,000 hivi, na elektroni ilikigonga kioo ikiwa na karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Kwa kiwango hicho kanuni za Newton huanza kutoa jibu kubwa kuliko la kweli, na ni lazima kutumia za Einstein. Ukiongeza volti mpaka mamilioni, kasi inakuwa kama imegota ukutani: nishati inazidi kuingia, kasi haipandi tena kwa kiasi cha kuonekana.

Jingine ni dogo lakini huwapotosha wengi. Mishale ya uga wa umeme huchorwa ikitoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi. Elektroni, kwa kuwa ina chaji hasi, hukimbia kinyume cha mishale hiyo. Utaratibu wa michoro ulikuwapo kabla elektroni haijajulikana, na hakuna aliyeona faida ya kuugeuza baadaye.

Sumaku hupinda tu

Kani ya sumaku kwa elektroni ina masharti mawili. Kwanza, ukubwa wake hutegemea kasi: elektroni iliyosimama haipati chochote, na inayokwenda sambamba na mistari ya uga vilevile haipati chochote. Inayoikata mistari hiyo kwa nyuzi 90 ndiyo hupata kani kubwa kuliko zote, sawa na chaji mara kasi mara nguvu ya uga. Pili, mwelekeo wake: kani hiyo daima iko nyuzi 90 kutoka kwenye mistari ya uga, na nyuzi 90 pia kutoka kule elektroni inakoelekea.

Sharti la pili ndilo lenye uzito. Ili kitu kiongezewe nishati, lazima kisukumwe kwenda mbele, hata kama ni kwa sehemu tu ya msukumo. Kani inayokaa ubavuni kila wakati haina sehemu ya mbele wala ya nyuma. Elektroni inapogeuka kidogo, kani nayo inageuka, inabaki ubavuni. Elektroni ikigeuka tena, kani inafuata. Kwa hiyo kasi haibadiliki, njia inazidi kujikunja kwa kiasi kilekile, na njia inayojikunja hivyo haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa duara.

Nusukipenyo cha duara hilo hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa kasi, kisha kugawanya kwa chaji mara uga. Elektroni iliyorushwa kwa volti 100 ikiingia kwenye uga wa militesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) itachora duara la nusukipenyo cha sentimita 3.4. Uga wa militesla 1 si mkubwa: sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji huwa na zaidi ya hapo karibu na uso wake. Duara hilo laonekana kwa macho katika maabara za shule, ndani ya tufe la kioo lenye gesi kidogo inayong'aa elektroni zinapoigonga.

Sasa kokotoa muda wa mzunguko mmoja. Elektroni yenye kasi mara mbili huchora duara kubwa mara mbili, kwa hiyo huhitaji muda uleule kulimaliza. Kasi inajifuta yenyewe katika hesabu. Katika uga wa tesla 1, elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde, iwe ya pole au ya haraka, mradi haijaukaribia mwendo wa mwanga. Ernest Lawrence alilitegemea jambo hili huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipotengeneza saiklotroni. Sumaku iliizungusha chembe, na kila ilipovuka pengo kati ya vyumba viwili vya metali, uga wa umeme uliokuwa ukigeuka-geuka kwa mpigo uleule uliisukuma tena. Kila msukumo uliongeza kasi na kupanua duara, lakini mpigo haukuhitaji kubadilishwa. Angalia mgawanyo wa kazi: volteji ndiyo iliyotoa nishati yote, sumaku ilikuwa pale kuirudisha chembe kwenye pengo lilelile, ili volteji ileile itumike mara nyingi. Lawrence alizungusha ioni za haidrojeni (ioni ni atomi au molekuli iliyopoteza au kuongeza elektroni) na si elektroni, kwa sababu elektroni ni nyepesi mno: inaukaribia mwendo wa mwanga mapema, na hapo mpigo unapotea.

Mara nyingi elektroni haiingii kwenye uga kwa nyuzi 90 kamili. Sehemu ya mwendo wake iliyo sambamba na mistari inaendelea bila kuguswa, sehemu iliyobaki inazunguka, na jumla yake ni njia ya msokoto kama skrubu. Hivyo ndivyo elektroni zinavyosafiri angani kuzunguka dunia. Elektroni ya elektronivolti 10,000 katika uga wa dunia wa mikrotesla 50 hujizungusha katika duara lenye nusukipenyo cha mita 7 hivi huku ikiufuata mstari wa uga kwa maelfu ya kilomita. Mistari hiyo huzama ardhini karibu na ncha za dunia, na elektroni zinazofika chini kiasi cha kilomita 100 hivi huzigonga atomi za oksijeni na molekuli za naitrojeni na kuziwasha. Mwanga wa kijani unaoonekana usiku Norway, Kanada au Antaktika hutoka kwenye oksijeni hiyo.

Lakini nyingi hazifiki chini, na sababu yake ni ileile ya kasi kutobadilika. Karibu na ncha za dunia mistari hubanana na uga hupata nguvu. Elektroni inapoingia katika eneo hilo, mwendo wake wa kuzunguka hukua. Kwa kuwa jumla ya kasi haiwezi kuongezeka, mwendo wa kusonga mbele lazima upungue, mpaka unaisha kabisa na elektroni inarudi ilikotoka. Inakwenda mpaka upande wa pili wa dunia, inageuzwa huko pia, inarudi. Mikanda ya chembe zilizonaswa hivyo iligunduliwa mwaka 1958, pale vipimo vya James Van Allen vilivyorushwa na satelaiti ya Explorer 1 vilipoonyesha mionzi mingi kuliko kifaa kilivyoweza kuihesabu.

Nyuga mbili mahali pamoja

Hadi hapa kila uga ulikuwa peke yake. Rudisha sasa zile sahani, sentimita 1 ileile lakini kwa volti 100, kisha ongeza uga wa sumaku wa militesla 10 unaopita sambamba na sahani. Achilia elektroni kwenye sahani hasi. Mtu yeyote angetarajia ifike ng'ambo, labda kwa njia iliyopinda kidogo. Haifiki. Inapanda milimita 1.1 tu, inageuzwa, inarudi mpaka karibu kuigusa sahani ilikotoka, inasimama kwa kitambo kisichopimika, halafu inaanza upya ikiwa imesogea milimita 3.6 pembeni. Itaendelea kuruka hivyo kuelekea ubavuni bila kuikaribia sahani chanya.

Tufuate mruko mmoja. Mwanzoni elektroni imesimama, kwa hiyo sumaku haina la kufanya. Uga wa umeme unaisukuma moja kwa moja kuelekea sahani chanya. Kasi inapopanda, kani ya sumaku nayo inapanda na kuanza kuipinda. Ikifika juu inakwenda sambamba na sahani kwa kilomita 2,000 kwa sekunde, na hapo kani ya sumaku ni kubwa maradufu ya ile ya umeme, hivyo inashushwa. Wakati wa kushuka inasafiri kinyume cha msukumo wa umeme, na ile nishati iliyopewa wakati wa kupanda inaondolewa yote. Inafika chini haina kitu.

Njia hiyo ndiyo inayochorwa na alama ya rangi iliyotiwa kwenye tairi la baiskeli linalobingirika. Alama inapogusa barabara huwa imesimama kwa nukta moja. Ikiwa juu kabisa hukimbia mara mbili ya kasi ya baiskeli yenyewe. Mfano huu si wa kupamba tu, unalingana kwa namba. Kasi ya "baiskeli", yaani wastani wa mwendo wa elektroni kwenda pembeni, hupatikana kwa kugawanya uga wa umeme kwa uga wa sumaku: volti 10,000 kwa mita kugawanya kwa tesla 0.01, ambayo ni kilomita 1,000 kwa sekunde. Na kule juu tulipata 2,000.

Katika mgawanyo huo hamna chaji wala tungamo. Ioni nzito yenye chaji chanya, ikipewa nafasi ya kutosha kuruka miruko yake mikubwa, itasogea upande uleule kwa wastani wa kasi ileile. Nakiri kwamba katika fizikia yote ya chembe zenye chaji hiki ndicho kitu ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinaonekana kosa la wazi mpaka ukikague. Ioni inaanza kwa kwenda upande ulio kinyume na elektroni, lakini kwa kuwa imegeuza mwelekeo na pia ina chaji iliyogeuka, kani ya sumaku juu yake inaelekea kulekule pembeni.

Sababu ya ndani zaidi hujitokeza ukijifanya unakimbia sambamba na elektroni kwa kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa mtu anayekwenda hivyo, sahani zinampita, na vipimo vyake vya uga wa umeme vinasoma sifuri. Uga wa sumaku anauona kama ulivyokuwa, na elektroni anaiona ikizunguka duara la kawaida. Miruko yote ile ilikuwa duara moja lililotazamwa na mtu asiyesogea nalo. Kwa hiyo mpaka kati ya "umeme" na "sumaku" haukuchorwa mahali pamoja kwa watazamaji wote. Anayesogea huugawanya mchanganyiko wake kwa namna nyingine. Einstein aliifungua makala yake ya mwaka 1905 kwa fumbo la aina hii hasa: sumaku ikisogea na waya ukiwa umetulia, twasema uga wa umeme umezaliwa; waya ukisogea na sumaku ikiwa imetulia, twasema kani ya sumaku imefanya kazi; na bado mkondo unaopatikana ni uleule.

Ndiyo maana pale mwanzo niliweka sharti kwamba sumaku isisogezwe. Uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831, na uga huo waweza kuisukuma elektroni vizuri sana. Donald Kerst aliutumia kule Illinois mwaka 1940 katika betatroni, mashine iliyoharakisha elektroni kwa kuukuza uga wa sumaku uliozizunguka. Ukiikuta imeandikwa kwamba betatroni huharakisha elektroni "kwa sumaku", jua ni njia ya mkato ya kusema.

Sasa tuseme elektroni haianzi ikiwa imesimama, bali inaingia kati ya sahani tayari ina kilomita 1,000 kwa sekunde kuelekea kule pembeni. Kani mbili zinalingana na kupingana, na elektroni inapita moja kwa moja kana kwamba hamna kitu. Ya haraka zaidi inapindishwa na sumaku, ya pole zaidi inavutwa na umeme. Huo ni mtego wa kuchuja kasi, na J. J. Thomson aliutumia kule Cambridge mwaka 1897 kupima miale ya kathodi, ile inayotoka kwenye kathodi, yaani kipande hasi cha metali ndani ya bomba la ombwe. Kwanza alizisawazisha nyuga mbili ili kuijua kasi, kisha akapima jinsi uga mmoja ulivyoipinda miale, na kutoka hapo akapata uwiano wa chaji kwa tungamo. Jibu lake lilikuwa kubwa zaidi ya mara elfu kuliko la ioni ya haidrojeni, kitu chepesi kuliko vyote vilivyojulikana. Leo uwiano huo tunaujua kuwa mara 1,836.

Heinrich Hertz alikuwa amejaribu kabla yake kuipindisha miale hiyo kwa uga wa umeme, akashindwa, akahitimisha kwamba si chembe zenye chaji. Uhodari haukumpungukia, pampu yake ndiyo haikutosha. Gesi iliyosalia ndani ya bomba ilipasuliwa na miale kuwa ioni, ioni zikakimbilia kwenye sahani na kuufuta uga aliodhani ameuweka. Thomson alipata ombwe bora, na miale ikapinda.

Pale elektroni inapozuiwa kufika

Rudi kwenye sahani za volti 100. Ukiupunguza uga wa sumaku polepole, miruko inakua mirefu, na kwenye militesla 3.4 kilele chake kinaigusa sahani chanya. Chini ya hapo mkondo unapita, juu ya hapo unakatika ghafla. Albert Hull, aliyekuwa akifanya kazi General Electric kule Marekani, alichunguza jambo hili katika mirija ya duara mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kukiita kifaa chake magnetroni. Alikuwa akitafuta njia ya kuwasha na kuzima mkondo kwa sumaku.

Matumizi yake makubwa yalikuja mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham, pale John Randall na Harry Boot walipochonga vyumba vidogo katika kipande cha shaba kuizunguka kathodi. Wingu la elektroni lisiloweza kufika kwenye shaba hulazimika kuzunguka, na linapoipita midomo ya vyumba hivyo huvitikisa kwa mawimbi ya redio. Elektroni inayosukumana na wimbi hupoteza nishati kidogo, inashindwa kurudi ilikotoka, na hivyo inasogea hatua moja karibu na shaba, ambako volteji inaipa nishati nyingine ya kutoa. Radari za Vita vya Pili vya Dunia zilitumia kifaa hicho, na oveni za maikrowevu zinakitumia hadi leo kwa mawimbi ya gigahezi 2.45.

Huwa nasikia ikisemwa kwamba nguvu ya oveni hutoka kwenye zile sumaku mbili za duara zilizo ndani yake. Sumaku hizo hazipungukiwi kitu kwa miaka na miaka ya kazi. Nishati yote hutoka kwenye volteji ya maelfu ya volti kati ya kathodi na shaba. Na masafa ya mawimbi huamuliwa na ukubwa wa vile vyumba, si na mizunguko ya elektroni peke yake.

Ndani ya waya

Katika shaba hali ni ya msongamano. Kila mita ya ujazo ina elektroni huru 8.5 × 10²⁸, na zile za haraka zaidi husafiri kwa kasi ya kilomita 1,570 kwa sekunde hivi, hata kama waya haujaunganishwa popote, lakini kwa mielekeo yote kwa usawa. Husafiri nanomita 40 hivi kabla ya kugongana na mtikisiko au kasoro ya metali. Uga wa umeme unaongeza juu ya vurugu hiyo mserereko mdogo mno: mkondo wa ampea 1 katika waya wa milimita ya mraba 1 ni elektroni zinazosonga milimita 0.07 kwa sekunde. Taa huwaka papo hapo kwa sababu uga wenyewe husambaa kandokando ya waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na elektroni zilizo tayari ndani ya taa huanza kusogea bila kusubiri zile za swichi.

Mwaka 1879, miaka 18 kabla ya Thomson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore aitwaye Edwin Hall alisoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell kwamba kani ya sumaku huushika waya, wala si mkondo ulio ndani yake. Hakuridhika. Alichukua ukanda mwembamba wa dhahabu, akapitisha mkondo, akauweka kwenye uga wa sumaku, na kupima volteji kutoka ukingo mmoja wa ukanda hadi mwingine. Ilikuwapo. Mkondo wenyewe ndio ulioshikwa: chaji zilisukumwa ubavuni, zikarundikana ukingoni, na mrundikano huo ukajenga uga wa umeme wa kuzirudisha, mpaka kani mbili zikalingana, kama katika mtego wa Thomson.

Volteji hiyo ni ndogo mno katika metali. Ukanda wa shaba wenye unene wa milimita 0.1, ukipitisha ampea 1 katika uga wa tesla 1, hutoa mikrovolti 0.7. Kwa mkondo uleule, kadiri elektroni huru zinavyokuwa chache ndivyo kila moja inavyolazimika kukimbia zaidi, na volteji hupanda. Ndiyo sababu vihisi vya Hall hutengenezwa kwa semikonda, vitu vyenye elektroni huru chache kuliko metali, na ndivyo vinavyoipa simu nyingi dira yake. Ishara ya volteji, yaani kuwa kwake chanya au hasi, nayo hueleza aina ya chaji, kwa kuwa mkondo uleule, uwe wa hasi au wa chanya, husukumwa kwenye ukingo uleule. Dhahabu na shaba husema hasi. Zinki husema chanya, jambo lililowasumbua wanafizikia hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, pale nadharia ya kwanta ilipoonyesha kwamba nafasi zilizoachwa wazi na elektroni katika metali husogea kama chembe zenye chaji chanya.

Linabaki swali ambalo mwanafunzi makini hulileta mapema. Kama sumaku haifanyi kazi yoyote juu ya chaji, nani anaizungusha mota? Waya ndani ya mota husukumwa na kani ya sumaku, hunyanyua mizigo, na hilo ni kazi kwa maana yoyote ile.

Tazama elektroni moja ndani ya waya unaosogea. Ina mienendo miwili: mmoja kandokando ya waya, mwingine wa ubavuni pamoja na waya. Mwendo wa kwanza huzaa kani ya sumaku inayoelekea ubavuni; hiyo, kupitia ule uga wa Hall unaozuia elektroni zisichomoke, ndiyo inayousukuma waya. Mwendo wa pili nao huzaa kani yake, na hii inaelekea nyuma, kinyume cha mkondo. Ukikokotoa nishati ambayo kani ya kwanza inatoa kwa sekunde na ile ambayo kani ya pili inanyonya, zinalingana kabisa. Jumla ya kazi ya sumaku ni sifuri, kama kawaida. Ila ili mkondo usizimwe na kani ya pili, betri inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo nishati ya kunyanyua mzigo inapoingia.

Fundi anaijua kani hiyo ya pili kama volteji ya kinyume, na anaiona ikikosekana. Mota ikikwama huku umeme umewashwa, waya hausogei, hakuna volteji ya kinyume, na mkondo unapanda mara kadhaa ya ule wa kazi ya kawaida. Nishati ambayo ingeizungusha mota inaishia kuwa joto ndani ya shaba, na ndani ya dakika chache waweza kusikia harufu ya vanishi ya nyaya ikiungua.